Ukishatundika raba: kwa wanaoanza ukocha wa kikapu hapa Mwanza

Siku ya tatu ya ukocha wangu, binti wa darasa la sita aliniuliza, "Kocha, naanza na mguu gani?"

Tulikuwa kwenye leiapu, ile ya kukimbia hatua mbili, kuruka na kuweka mpira ringini, kitu nilichokuwa nimekifanya maelfu ya mara tangu nikiwa kidato cha pili. Nikamjibu bila kufikiri: kushoto. Nikachukua mpira, nikaenda, nikafunga. Akasema kwa adabu kabisa, "Samahani kocha, umeanza na kulia." Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini.

Jioni ile nilipanda daladala ya Igoma, nikawa nachezesha miguu chini ya kiti: kulia, kushoto, juu. Kulia, kushoto, juu. Kondakta akaniuliza kama nimebanwa na haja.

Wewe unayetundika raba mwaka huu (wenzetu wa soka husema daluga), jambo lenyewe ndilo hilo. Unajua kucheza kwa miguu na mikono, na miguu na mikono haina mdomo. Miaka yote uliyocheza hukuwahi kulazimika kueleza chochote. Sasa kazi yako ni kueleza, tena kwa mtoto ambaye hajawahi kushika mpira, juani, huku wengine kumi na wanane wakisubiri zamu.

Ngoja nikupe leiapu kama ninavyoifundisha leo, maana imenichukua miaka kuipanga. Anayetumia mkono wa kulia, akitokea upande wa kulia: mguu wa kulia, mguu wa kushoto, kisha goti la kulia linapanda pamoja na mkono wa kulia, kama vile vimefungwa uzi mmoja. Jicho liko kwenye kona ya juu ya ule mraba mdogo ubaoni. Anza bila mpira. Kisha mpe mpira mkononi, asimame hatua moja kutoka chini ya ringi, aruke tu. Akiruka vizuri, hatua mbili. Zikiwa safi, adunde mara moja kabla ya hatua. Mbio zinakuja mwisho kabisa, pengine wiki ya tatu. Upande wa kushoto unageuza kila kitu, na hapo utaona watoto wanakuangalia kama umewatukana. Wengi tunaotoka kuchezea timu huanzia katikati ya uwanja, tunapiga filimbi, tunasema "nendeni mkafunge". Ndivyo tulivyofundishwa, na ndiyo sababu nusu ya wachezaji wa rika langu hawakuwahi kufunga kwa mkono wa kushoto.

Angalia pia mtoto umempa nini mkononi. Mpira namba 7 ni wa wanaume wazima, namba 6 wa wanawake, namba 5 wa watoto. Ringi ya wakubwa iko mita 3.05 kutoka chini. Ya watoto wadogo inapaswa kuwa mita 2.60. Ukimpa mtoto wa miaka tisa mpira mkubwa na ringi ya juu, atausukuma kutoka kiunoni kwa mikono miwili, na tabia hiyo utapambana nayo mpaka afike chuo. Mimi sikuwa na ringi ya chini. Nilichukua rimu ya baiskeli, nikang'oa spoku, nikaifunga kwenye nguzo. Ni pana kuliko ringi halali yenye sentimita 45, na sikuona ubaya wowote. Mtoto anayeuona mpira ukiingia hurudi kesho.

Kuna watu watakwambia, "Wewe ulikuwa mchezaji mzuri, utakuwa kocha mzuri." Wasikilize kwa sikio moja. Magic Johnson, nyota wa zamani wa Lakers kwenye NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ambaye sidhani kama kuna aliyetoa pasi kumzidi, alipewa Lakers mwaka 1994 akaifundisha michezo 16, akashinda 5, akaondoka. Erik Spoelstra hakuwahi kucheza NBA. Aliingia Miami Heat mwaka 1995 akikata mikanda ya video, na baadaye akaipa timu hiyo ubingwa mara mbili. Phil Jackson alikuwa mchezaji wa kutokea benchi katika timu ya New York, akaja kuchukua mataji 11 akiwa kocha. Nina nadharia yangu hapa, ichukue au iache: aliyekaa benchi sana ameuangalia mchezo sana. Kama wewe ulikuwa nyota wa mkoa, kazi yako ni ngumu zaidi, kwa sababu mambo mengi yalikujia bila kuyaomba.

Na ushinde kishawishi cha kuingia uwanjani kucheza nao. Utakipata kila siku. Timu inazidiwa mazoezini, unavua filimbi, unaingia, unafunga tatu mfululizo, watoto wanakushangilia, na hakuna aliyejifunza kitu. Goti langu lilinisaidia sana katika hili. Lilikataa kabla yangu.

Turudi Mwanza kwetu. Viwanja vyetu vingi ni vya saruji na viko wazi, na kuna ratiba ya uwanja ambayo hakuna kozi itakayokufundisha. Asubuhi hewa imetulia. Kuanzia mchana upepo unavuma kutoka ziwani, na ukitupa kutoka nyuma ya mstari wa pointi tatu, ule wa mita 6.75, mpira unahama njiani. Kwa hiyo asubuhi za Jumamosi nafundisha kutupa. Jioni za katikati ya wiki nafundisha kukaba, kudunda na pasi fupi. Mvua ikinyesha, saruji inateleza kama samaki aliyetoka majini. Usiwe shujaa. Enka moja (kifundo cha mguu) iliyovunjika inakupotezea mtoto, na inakupotezea imani ya mtaa mzima. Siku hizo tunakaa barazani na vizibo kumi vya soda juu ya meza, vitano vya kwetu na vitano vya wapinzani. Nawauliza mwenye mpira aende wapi, na kwa nini.

Ratiba nyingine ni mwezi. Nilipoanza kufundisha upande wa Kirumba nilikuwa na daftari la mahudhurio, na nikawa nakasirika kuona wiki mbili watoto wamejaa, wiki mbili nusu hawapo. Nikawaita wavivu. Nikamfuata mama mmoja nyumbani, mchuuzi wa dagaa pale soko la Mwaloni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Umekuja kunidai mtoto?"

"Nimekuja kuuliza tu, mbona haonekani?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni. "Mwalimu, hili si giza? Dagaa wanaingia. Nani ataanika?"

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti kitu na mitumbwi inapumzika. Mzaliwa wa hapa, mwenye umri wangu, nilikuwa nalijua hilo tangu utoto, lakini sikuwahi kuliunganisha na daftari langu. Tangu siku ile kalenda yangu ya mazoezi ina duara za mwezi. Mambo mapya nafundisha mwezi ukiwa mpevu, wote wakiwepo. Wakati wa giza narudia ya zamani na wachache waliopo. Na yule mama ndiye anayenikusanyia wazazi wenzake kila nikiwa na la kusema.

Kwa mabinti, wazazi ni nusu ya kazi. Nenda nyumbani kabla hujaitwa. Sema mazoezi yanaisha saa ngapi, na yaishe saa hiyo, jua likiwa bado juu ya maji. Usibaki na mtoto peke yako uwanjani, usimpeleke kwa pikipiki yako hata kwa nia njema. Tafuta mama au dada mtu mzima awe nawe. Hili silijadili.

Siku ya mchezo utagundua kwamba sauti yako haifiki. Una taimauti, yaani mapumziko mafupi anayoomba kocha, mbili nusu ya kwanza, tatu nusu ya pili, kila moja dakika moja. Sehemu kubwa ya dakika hiyo wanahema na kugombania chupa ya maji. Mwanzoni nilikuwa nawaambia mambo saba. Walitoka pale wamechanganyikiwa kuliko walivyoingia. Sasa nasema moja, na namwambia mmoja alirudie kwa maneno yake. Akishindwa kulirudia, kosa ni langu.

Utashawishika pia kuwapanga watoto zoni, yaani wakabe eneo badala ya mtu, wote wamejazana chini ya ringi, kwa sababu rika hilo halijui kutupa kutoka mbali na utashinda michezo mingi. Mimi nilishinda hivyo mwaka mzima. Walipofika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wakakutana na timu zinazotupa, wakawa hawajui kumkaba mtu mmoja uwanja mzima. Na usimgandishe mrefu chini ya ringi eti kwa sababu Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet, mwenye mita 2.21, alichaguliwa wa pili timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2009. Mtoto mrefu wa darasa la saba huenda ndiyo ameshamaliza kurefuka. Mfundishe kudunda na kutoa pasi kama wengine.

Kuhusu hela nitasema kifupi, kwa kuwa zenyewe ni fupi. Ukocha wa kikapu huku hautakulipia pango. Shika kazi nyingine na usione aibu. Jifunze kuchezesha na kujaza karatasi ya pointi, kwa sababu posho ya refarii na ya mezani huja kabla ya mshahara wa kocha, na utaelewa sheria kuliko wanaozipigia kelele. Kozi za ngazi ya kwanza zinapotangazwa na TBF, shirikisho la kikapu Tanzania, kopa nauli uende. Na makubaliano yaandikwe. Klabu moja iliniahidi "tutaangalia mwisho wa msimu". Msimu uliisha, tukaangaliana.

Nimebakiza daftari. Kila baada ya mazoezi, kabla hujawasha simu, andika swali moja ambalo mtoto alikuuliza ukashindwa kulijibu vizuri. La kwanza kwenye daftari langu ni lile la mguu. Yamefika mia mbili na kitu, na mengine bado sijayajibu.

Kama uko karibu, tupo uwanjani Jumamosi saa moja asubuhi, kabla ya upepo. Njoo na kalamu. Filimbi nitakuazima.