Nyota zangu za unga zilivyogeuziwa ukuta

Juzi usiku wifi yangu, dada yake mume wangu, alinitumia ujumbe: "Wifi, zile nyota zako za unga ulizipimaje? Watoto wananisumbua hawalali." Basi. Hakuna salamu, hakuna samahani. Niliusoma mara tatu, nikampa mume wangu naye ausome, kisha nikalaza simu kifudifudi nikaendelea kuosha vyombo huku natabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota hela.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua kwamba Desemba ikikaribia huwa naacha mambo mengine yote nashika mkasi. Kisa cha nyota hizo, hata hivyo, sijawahi kukisimulia hapa, kwa sababu kiliniuma. Leo nakitoa. Ndani yake mna karibu kila ninachojua kuhusu mapambo ya Krismasi ya kutengeneza kwa mkono, na ninachojua ukikikamua sana kinabaki neno moja: kausha.

Krismasi iliyopita ukoo wote ulikutana kwa wifi. Mti wake hugusa dari, na kila kinachoning'inia ni cha kununua, dhahabu na nyeupe tupu, vimepangwa kama vimepimwa kwa rula. Nilitaka na mimi nipeleke kitu. Wiki kadhaa kabla nilikuwa nimekata nyota moja ya majaribio, ya unga na chumvi, nikaiweka juu ya kabati nikaisahau. Nilipokuja kuikuta ilikuwa ngumu kama kigae. Ukiigonga kwenye kikombe inalia. Mume wangu aliigeuzageuza mkononi, akauliza, "Hii umenunua wapi?"

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi maji niliyatia kwelikweli. Niliamua nitengeneze nyota 40 kwa usiku mbili. Donge lilipokataa kukandika nikaongeza maji, likawa la kunata, nikaongeza unga, likapasuka, nikaongeza maji tena. Oveni nikaona inachelewa, nikaipandisha hadi nyuzi 180. Nyota zikavimba matumbo kama maandazi, zikawa kahawia kwa nje. Nikazipaka rangi zikiwa bado vuguvugu, nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga na fundo juu. Ukimwuliza mtu yeyote anayejua kazi hii akutajie makosa manne makubwa, nadhani nimeshakutajia yote hapo.

Kwa wifi nilizitundika mwenyewe. Kwa saa moja hivi zilipendeza, wallahi zilipendeza. Kisha wakati watu wanaongea nikaona moja, iliyokuwa karibu na taa, imeanza kuinama. Ile tundu ya uzi ilikuwa inavutika taratibu, duara ikawa yai, yai likawa ufa. Nilikaa pale na sahani mkononi nikiitazama, siwezi kuinuka bila watu kugeuka. Ikadondoka juu ya kiatu cheusi cha baba mkwe, ikaacha vumbi jeupe na ncha moja imebaki kwenye kamba ya kiatu. Mzee wa watu hakusema neno. Aliifuta kwa leso.

Asubuhi yake nilipoingia sebuleni nyota zangu zote zilikuwa nyuma ya mti, zimeangalia ukuta. Hakuna aliyeniambia kitu. Afadhali wifi angezitoa zote akanirudishia mfuko wangu, kuliko kuziacha pale zimepewa adhabu kama watoto.

Tuyaache hayo. Au tusiyaache, lakini kwanza niwape vipimo, kwa sababu najua ndivyo mlivyovifuata na kila mmoja wenu anataka meza yake ijae nyota. Ni vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji kikombe 1 ambayo humimini yote. Mimina kidogo kidogo, na donge likishikana acha, hata kama kikombe kimebaki na maji robo. Kanda dakika 10, mpaka likunjike bila kupasuka pembeni. Sukuma liwe na unene wa milimita 5 hivi, kata nyota, na toboa tundu kwa mrija sasa hivi kabla hujaingiza kwenye oveni, mbali kidogo na ukingo. Halafu nyuzi 100, saa 2 hadi 3, ukizipindua katikati. Zikianza kuvimba, moto umezidi. Maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke kabla hayajapata njia ya kutoka, na mvuke huo ndio ulionitengenezea maandazi.

Zikitoka, usizipake rangi. Narudia, usizipake. Ziache kwenye waya au kitambaa usiku kucha na ikiwezekana siku mbili. Njia yangu ya kupima ni kugonga mbili pamoja: zikilia tayari, zikinyamaza bado. Ukishapaka rangi na ikakauka, paka vanishi mbele, nyuma, na ndani ya tundu. Hapo nyuma na kwenye tundu ndipo watu wanaposahau. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, na nyota iliyoachwa upande mmoja wazi itakunywa unyevu kwa upande huo mpaka ilegee. Mwisho wa msimu zihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, si kwenye plastiki zikiwa na joto kama mtu fulani.

Kama una mbwa nyumbani, zitundike juu. Chumvi ya kiasi hicho ni sumu kwake akitafuna hata kipande, na donge bichi ni hivyohivyo. Huu ni ushauri wa mtu aliyekula chumvi nyingi, na kwa mara moja simaanishi umri.

Sasa nije kwenye jambo ninalojivunia. Siku ileile, katika mti uleule wa dhahabu na nyeupe, wifi alikuwa ametundika chembe kubwa za theluji za plastiki, zinameta, za bei. Nikazihesabu ncha. Nane. Theluji haina ncha nane. Maji yakiganda, molekuli zake hushikana kwa mpangilio wa pembe sita, na chembe ikikua angani hukua kutoka kwenye pembe hizo. Johannes Kepler aliandika kijitabu kizima mwaka 1611 akijiuliza kwa nini sita, kwa nini si tano wala saba, na mwaka 1885 mkulima mmoja wa Vermont, Marekani, Wilson Bentley, alifanikiwa kuipiga picha chembe moja kwa kamera iliyounganishwa na hadubini. Aliendelea na kazi hiyo maisha yake yote na kuacha picha zaidi ya 5,000. Haya yote niliyajua nikiwa nimesimama mbele ya mti wa wifi, nyota zangu zimeangalia ukuta, na sikusema kitu. Mtajua wenyewe kama huo ulikuwa ustaarabu au woga.

Ukikata theluji ya karatasi kwa kukunja nusu, nusu tena, na nusu tena, utapata nane kama ya plastiki. Hapo ndipo karibu kila mtu anapokosea, na mimi nilikosea miaka mingi. Fanya hivi. Karatasi iwe ya mraba. Ikunje kona kwa kona upate pembetatu, ukingo mrefu uwe chini yako. Tafuta katikati ya ukingo huo. Hapo ndipo kitovu. Sasa kutoka kitovuni leta upande wa kulia uende kushoto, na wa kushoto uje juu yake, urekebisherekebishe mpaka sehemu zote tatu zilingane. Usikandamize mkunjo kabla hazijalingana. Unabaki na kabari yenye masikio mawili yaliyopishana juu. Kabari hiyo ikunje nusu mara moja tu. Ukiruka mkunjo huu wa mwisho theluji yako itatoka na mikono mitatu minene na mitatu myembamba, utadhani imepata ajali.

Hapo una matabaka 12, kwa hiyo karatasi nzito haifai. Kata masikio yote mawili kwa mshazari, kisha anza kula pembeni kwa ncha ya mkasi, vipande vidogo, ukiacha daraja la karatasi kati ya tundu na tundu. Mimi huzungusha karatasi, mkasi unabaki palepale. Ukifungua fungua polepole, mkunjo mmoja mmoja, kwa sababu karatasi iliyokatwa huchanika kwenye kitovu. Ikishafunguka iweke kati ya kurasa za kitabu kizito hadi kesho ndipo ubandike dirishani. Na kioo kikaushe kwanza! Wakati wa baridi kioo hutoka jasho kwa ndani, na nimeshapoteza theluji 11 kwa asubuhi moja, zimejikunja zote chini ya dirisha kama maganda ya vitunguu.

Koni za misonobari nazipenda lakini sina mengi ya kusema. Okota, pukuta, zitandaze kwenye trei na uzikaushe kwa nyuzi 100 nusu saa, wadudu watoke na zifunguke. Usiondoke jikoni, utomvu wake unashika moto. Mwaka mmoja niliziosha vizuri kwa sababu mimi msafi, zikajifunga kama ngumi, nikazipaka nyeupe zikiwa zimejifunga. Magamba ya koni yana matabaka mawili, na moja huvimba likilowa kuliko lenzake, ndiyo maana koni hufunga ikiwa na maji na kufunguka ikikauka, hata miaka baada ya kuanguka mtini. Rangi yangu ilipopasuka siku ya tatu ilikuwa ni koni zinadai hewa.

Na machungwa. Vipande vya milimita 5, vipanguse kwa kitambaa pande zote, oveni nyuzi 95, saa 3 hadi 5, vipindue kila baada ya saa moja. Tayari ni pale vinapoacha kunata. Vitundike kwa uzi mbele ya dirisha, mwanga ukipita ndani yake utaona kila mshipa, kama kioo cha rangi. Vikianza kulegea baada ya wiki virudishe kwenye oveni. Mshumaa usivisogelee, wala karatasi, wala chochote kati ya hivi.

Mnaona? Nyota, karatasi, koni, chungwa, ni kukausha tu. Wengi mnaniandikia mkiomba rangi gani bora, gundi gani bora, mkasi wa aina gani. Hakuna siri ya gundi. Mna haraka. Mnataka pambo la mkono litoke kwa muda wa kwenda dukani, halafu likianguka mnasema vya mkono havidumu.

Na ninyi mnaoletewa vitu vya mkono, nina neno nanyi pia. Yale matufe ya kioo mnayoyaona ndiyo mapambo halisi hayakushuka kutoka kiwandani. Yalitokea Lauscha, mji mdogo wa Ujerumani, katika karne ya 19, watu wakipuliza kioo nyumbani kwao, na watoto wakisaidia kupaka rangi. Yalikuwa kazi ya mezani, kama hizi zangu, na bila shaka kuna tufe lililoanguka mbele ya baba mkwe wa mtu. Mgeni akikuletea nyota iliyopinda, mpe tawi la mbele walau siku moja. Ikidondoka, iokote. Mtu amekaa usiku mbili anaikanda, ana vidonda vya chumvi kwenye kucha, na anakutazama unapoipokea hata kama anajifanya anaongea na mwingine. Najua nahubiri. Nimekaa na maneno haya mwaka mzima, niacheni.

Wifi nilimjibu usiku uleule. Nilianza na jibu fupi, nikalifuta, nikaandika refu lenye vipimo vyote, unene, nyuzi, vanishi nyuma na ndani ya tundu. Mahali pa maji niliandika kwa herufi kubwa asimimine yote. Sikutaja ukuta. Mume wangu alisoma juu ya bega langu akasema, "Umempa mpaka ya kugonga?" Nilikuwa nimempa.

Jana jioni wifi akaniletea picha. Trei mbili za nyota, hazijavimba hata moja, rangi ya unga kabisa, tundu ziko mahali pake, na kwenye kona ya picha kuna mkono mdogo wenye unga mpaka kwenye kiwiko. Nyuma yao mti umeshasimamishwa, dhahabu na nyeupe. Nikaikuza picha kwa vidole viwili, nikahesabu ncha za ile theluji ya plastiki. Nane.

Nikamwandikia, "Zimependeza sana, wifi. Zipindue, bado saa moja."