Maji ya batiki: mchanga peke yake hautoshi

Dada, umeuliza kama maji yaliyobaki baada ya kutia rangi batiki yanaweza kumwagwa kuelekea mikoko ya Mikindani yakishachujwa kwa mchanga. Hapana, usiyamwage kwa kuwa tu umeyachuja. Mchanga unashika chembe. Rangi iliyoyeyuka inapita, na kostiki soda, ile kemikali kali inayounguza ngozi, nayo inapita.

Sisi tunaotia batiki hapa Shangani, Mtwara, kwa rangi zinazoyeyushwa kwa kostiki na haidro (unga wa sodium hydrosulphite) tunafanya hivi: maji yaliyobaki yanakorogwa kwenye pipa wazi, mara nyingi, kisha yanalala. Haidro ndiyo inayoyeyusha rangi. Hewa ikiimaliza, rangi inarudi kuwa chembe na kushuka chini kama tope. Ndiyo maana hata kitambaa hubadilika rangi kikikutana na hewa ukikitoa kwenye beseni. Hapo sasa chuja, kisha tia siki kidogo kidogo hadi karatasi ya kupimia ukali wa maji (pH) ioneshe 7 au 8. Usiitie siki mapema, tafadhali! Ikikutana na haidro inatoa gesi inayokaba pumzi.

Tope likaushe, lisiende mtaroni. Ila rangi za aina nyingine, zile zinazotiwa kwa chumvi na magadi, hazishuki kwa njia hii, zinabaki zimeyeyuka. Kwa hizo, punguza kipimo cha rangi tangu mwanzo.