Maswali ya Wasomaji: Faini ya Italia Imenifuata Hadi Nyumbani

SWALI: Mimi na shemeji yangu tulikodi gari Italia. Tuliporudi, kampuni ya magari ilikata yuro 45 kwenye kadi yangu, nikadhani ndiyo faini na mambo yameisha. Sasa nimepata barua ya manispaa: eti tuliingia eneo lililokatazwa. Hakuna askari aliyetusimamisha. Nilipe mara mbili?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni madai mawili tofauti, ndugu msomaji. Zile yuro 45 ni ada ya kampuni kwa kazi ya kuipa manispaa jina na anwani yako. Tazama mkataba uliotia sahihi, kwa kawaida imeandikwa humo. Faini ndiyo hii iliyofika sasa. Usidhani ni utapeli kwa kuwa imechelewa: kwa anayeishi nje ya Italia, sheria inawapa siku 360 za kuifikisha notisi. Linganisha tu nambari ya gari, tarehe na saa na mkataba wako.

Askari hakuhitajika. Mlipita kwenye ZTL, eneo la katikati ya mji ambamo magari yasiyo na kibali hayaingii, na kamera ilipiga picha nambari ya gari. Kibao chake ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na saa za katazo zimeandikwa chini yake. Penye ubao wa taa, wageni wengi hunaswa na maneno “varco attivo”: wao huona njia iko wazi, kumbe katazo linafanya kazi. Unaruhusiwa kupita ukiona “varco non attivo”. Ramani ya simu nayo usiitegemee, itakupitisha humo bila wasiwasi.

Kiwango cha chini cha faini hii ni yuro 83. Ukilipa ndani ya siku 5 tangu kupokea notisi, unapunguziwa asilimia 30, yaani yuro 58.10, ila gharama za posta na za kuandaa notisi hazipunguzwi. Baada ya siku 60 inapanda hadi yuro 166. Kama tovuti ya manispaa inapokea kadi, lipa huko. Ukituma kwa benki, andika namba ya notisi na nambari ya gari, kisha ubebe makato yote wewe mwenyewe: zikipungua hata yuro 3 njiani, deni halijafungwa. Kinachohesabiwa ni siku pesa zilipoingia, kwa hiyo usingoje siku ya tano.

Kukata rufaa kunawezekana, lakini ukishalipa umeipoteza haki hiyo, na Prefetto (mwakilishi wa serikali kuu katika mkoa, anayeamua rufaa) akikukatalia, unadaiwa angalau mara mbili ya kile kiwango cha chini. Bila ushahidi, kwa mfano kibali cha hoteli, lipa tu.

Safari nyingine, hoteli ikiwa ndani ya ZTL, waulize kabla ya kuingia kama wanaweza kuandikisha gari lako. Ukibadilishiwa gari, wape nambari mpya siku hiyohiyo.

SWALI: Leseni ya Tanzania inatosha kuendesha huko?
Msomaji, Tanga

JIBU: Peke yake, hapana. Beba na leseni ya kimataifa, uichukue nyumbani kabla ya safari, au tafsiri rasmi ya Kiitaliano. Leseni ya kimataifa nayo bila ile ya kwenu haina kazi.