Kabla uulize unapewa GB ngapi, uliza utazitoaje

Watu wakiniuliza ni programu gani nzuri ya kuweka picha huwa wanataka nitaje jina moja tu waende zao, na mimi nikiwa hapa Kondele na bisibisi mkononi, simu ya mtu imefunguliwa mezani, ni rahisi kusema weka Google Photos halafu niendelee na kazi. Lakini wenye machozi wanaokuja kwa hii meza si wale hawana bakapu. Wengi walikuwa nayo, tena ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa, shida ni hakuna anayejua kuifungua.

Kuna mama mmoja muuza samaki huko Dunga, simu ilianguka ziwani akiwa anapokea mzigo kwa boti, ikaletwa kwangu siku tatu baadaye imewekwa kwa mchele (jamani mchele upikeni, simu ikiingia maji izime usiichaji na uilete mara moja). Bodi ilikuwa imeshaota kutu. Nikamwambia mama usijali, nunua nyingine hata ya bei ya chini, uingie na akaunti yako picha zote zitarudi. Akauliza, akaunti gani? Ile simu aliuziwa na kijana wa duka, na kijana ndiye aliyemfungulia Gmail ili Play Store ifanye kazi, akatunga jina, akatunga paswadi, na ile sehemu ya namba ya kurejesha akaunti akaweka namba yake mwenyewe. Kijana ashahama duka. Picha za mtoto tangu azaliwe ziko salama salimini huko juu, yaani kwa mtandao, na mama hawezi kuziona.

Hii kitu iko kila mahali hapa Kisumu, na sidhani Nakuru au Kakamega ni tofauti. Kwa hivyo kabla hujaanza kulinganisha huyu anapeana giga ngapi na yule ngapi, chukua simu ya mtu unayemwamini, fungua kivinjari kwa ile hali fiche isiyoweka kumbukumbu, andika photos.google.com ama icloud.com kama wewe ni wa iPhone, na ujaribu kuingia kwako. Ukiingia na ukaona picha ya jana, uko sawa. Ukikwama kwa paswadi, rekebisha sasa hivi wakati simu yako bado inawaka, maana ukiwa ndani ya akaunti unaweza kubadilisha namba na imeli ya kurejesha, simu ikishaibiwa unaanza kujibu maswali ya kompyuta isiyokujua.

Kama umewasha ule uthibitisho wa hatua mbili (paswadi kwanza, halafu msimbo), vizuri sana, ila fikiria msimbo unatumwa wapi. Kama ni kwa laini iliyo ndani ya simu iliyopotea itabidi ungoje hadi urudishiwe laini. Google inakupa namba kumi za akiba za kuingilia badala ya huo msimbo, kila moja ya kutumika mara moja tu. Ziandike kwa karatasi, uweke pale unapoweka vyeti vyako vya shule. Usizipige picha ukaziacha kwa simu hiyo hiyo, nimeona mtu amefanya hivyo.

Haya sasa tuje kwa programu zenyewe. Kwa Android, Google Photos ndiyo naweka kwa watu wengi, kwanza kwa sababu iko kwa simu tayari na pili unaifungua popote, hata saiba (ukimaliza toka kwa akaunti tafadhali). Unapata GB 15 bure lakini hizo 15 unagawana na Gmail na Drive, na siku hizi hata bakapu ya WhatsApp ya Android inahesabiwa humo humo. Ile raha ya kuweka picha bila kikomo iliisha tarehe 1 Juni 2021, kwa hivyo anayekwambia ni bure milele anaongea mambo ya kale. Picha moja ya simu za kawaida ni kama MB 3, kwa hivyo 15 ni kama picha elfu tano hivi kama hazigawani na kitu kingine, na ukiwa mtu wa video sahau hiyo hesabu, dakika moja tu inaweza kula MB mia.

iCloud inakupa GB 5, ambayo kwa kweli ni ya kuonja. Kwa mwenye iPhone inafanya kazi bila kusumbua, ila wengi hapa wananunua iPhone ya mtumba ya kutoka Uingereza, mwaka unaofuata mambo yakibana wanarudi Tecno ama Samsung, na hapo ndio wanagundua iCloud kwa Android unaiingia tu kwa kivinjari, haina programu yake. Kama unajijua hutulii na aina moja ya simu, tumia Google Photos hata kwa iPhone. OneDrive ni GB 5 pia, Dropbox ni 2, hizo ni sawa kama kazini wanakulipia, vinginevyo sioni haja.

Kuna nyingine zinakuahidi terabaiti nzima bure. Sizitaji. Niliwahi kuweka moja nikapandisha picha zangu za kazi, kuingiza ilikuwa haraka ajabu, kuzitoa zote kwa pamoja nikaambiwa ningoje ama nilipe, na kila nikibonyeza tangazo. Ukitaka kujua huduma yoyote ni ya aina gani, weka picha mia, halafu siku hiyo hiyo jaribu kuzishusha zote kwa kompyuta. Google wana Takeout ya kazi hiyo, inakupakia kila kitu kwa faili za zip.

Sasa ile inayoleta vita: kufuta. Simu imejaa, mtu anaingia Google Photos, anajiambia si ziko juu tayari, anachagua picha mia tano anafuta ili apate nafasi. Zinatoka kwa simu NA zinatoka juu. Programu inaonyesha picha moja ile ile, ukiifuta hapo umeifuta kote, na iCloud ni vivyo hivyo. Kitu unatakiwa kubonyeza ni kile cha kuachilia nafasi kwa simu, kinaitwa Free up space, hicho kinatoa nakala za simu peke yake na kinaacha zile zilizoshafika juu. Kama ushafuta usipanic, ingia kwa pipa la taka, Google inakaa nazo siku 60 kama zilikuwa zimebakapiwa, Apple siku 30. Lakini uje mapema, si mwezi wa nne ndio unakumbuka harusi.

Akaunti moja kwa simu mbili nayo ni balaa ya aina yake. Mzee mmoja hapa Nyalenda bintiye alimwekea akaunti yake kwa simu "asaidike", basi mzee akaanza kuona selfi za binti akiwa mahali ambapo aliambiwa ni group discussion. Hiyo kesi sikuitengeneza mimi, ilienda kwa wazee. Kila mtu na akaunti yake. Mkitaka kushare gharama, Google One, ule mpango wao wa kulipia nafasi zaidi, inaruhusu uongeze watu watano kwa mpango wako na kila mmoja haoni picha za mwingine.

Kuhusu bando, weka bakapu ya wifi peke yake, hasa ile mara ya kwanza, kwa sababu giga kumi za picha zitakula giga kumi za data yako na hautajua nani alikula. Shida ya kuweka wifi tu ni kama hauna wifi nyumbani inangoja milele, na mtu anaamini picha ziko juu kumbe mara ya mwisho kupanda ni Krismasi iliyopita. Kwa hivyo ukiwa kazini ama kwa rafiki aliye na wifi, fungua programu, bonyeza ile picha yako ya juu pembeni, uone kama imeandika bakapu imekamilika ama bado kuna mia nane zinangoja. Na uingie kwa orodha ya mafoda uzime ya WhatsApp, la sivyo utakuwa unahifadhi maua ya habari ya asubuhi ya grupu ya kanisa mpaka GB 15 ziishe. Zikiisha, picha mpya haziendi juu na Gmail nayo inaacha kupokea barua, na kama ulikuwa umetuma maombi ya kazi hapo umeisha.

Kulipia nafasi zaidi si vigumu, Play Store inakubali kukata kwa laini ya Safaricom, na kwa wale wanaoulizwa kadi ya benki kuna M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa ya mtandaoni, tangu 2022. Ila ukianza kulipa jua ukiacha, na umepita kipimo cha bure kwa miaka miwili, Google wanaweza kufuta. Akaunti ambayo haijaguswa miaka miwili nayo iko kwa orodha hiyo, kwa hivyo kama mathe yuko ushago na simu ya kubonyeza na picha zake ziko kwa akaunti ya ile simu ya zamani, ukienda Desemba ingia kwa niaba yake uangalie hata moja tu.