Daftari la Watoto Usilipige Picha

Mwaka juzi, nikiwa mlezi kwenye kituo cha kulelea watoto mchana hapa Moshi, nilipiga picha ukurasa wa daftari la uandikishaji nikautuma kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Nilitaka wasahihishe namba zao za simu kabla orodha haijaenda kwa afisa ustawi wa jamii. Jina la mtoto, mtaa, anayekuja kumchukua jioni, vyote vilisomeka.

Siku ya tatu baba mmoja alisimama getini akidai mwanawe. Mama wa mtoto alikuwa amemkimbia kwa sababu ya kipigo, akahamia Pasua kimyakimya. Tulimzuia, mtoto hakutoka. Jioni mama aliniambia, "Dada, taarifa zile nilikupa wewe, sikuwapa watu wa grupu." Kesho yake hakumleta mtoto. Hakurudi tena, na hadi leo sijui wanaishi wapi.

Afisa ustawi wa jamii ndiye aliyenikalisha chini. Mimi nilidhani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu mabenki na kampuni za simu. Kumbe taarifa za mtoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti kabisa. Ukizitoa kinyume cha sheria, faini huanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Taasisi inaweza kutozwa hadi bilioni 5. Kufuta, kuficha au kubadilisha taarifa bila idhini nako kuna kifungo cha hadi miaka 5, kwa hiyo mkubwa akikuambia uongeze umri wa mtoto ili orodha ipendeze, kataa.

Walezi wenzangu, simu yako binafsi isiguse daftari. Namba ikikosewa, mpigie mzazi husika peke yake. Akija mtu anayejiita mfadhili akitaka majina na picha, mwombe barua na umpeleke kwa msimamizi. Idadi ya watoto inamtosha.

Nawe mzazi, unapojaza fomu uliza itakaa wapi na nani ataisoma. Ukikuta taarifa za mwanao zinazunguka, hifadhi ushahidi wa ujumbe kabla haujafutwa, kisha peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Huhitaji kumwomba ruhusa mkuu wa kituo.