Msafara wa pikipiki Pemba: kamera ipi, na usimame wapi

Ndugu yangu, umesema mwezi wa nane mnavuka kwenda Pemba, pikipiki 12, siku tatu, kutoka Mkoani kusini hadi Kigomasha kaskazini, na wenzako wamekukabidhi wewe kazi ya picha. Una milioni mbili mkononi na unauliza ununue kamera gani. Mie nimeshapiga misafara mitano ya namna hii, minne huko huko Pemba, kwa hiyo nakujibu kwa yale yaliyonikuta.

Kabla ya kamera kuna jambo zito zaidi, nalo ni wewe utakuwa wapi. Mpiga picha anayeendesha katikati ya kundi anaona migongo na taa za nyuma, na hizo ndizo picha atakazorudi nazo. Safari yangu ya kwanza niliazima kamera ya ami yangu, nzuri kuliko hii niliyonayo leo, nikarudi na picha zaidi ya 400. Jioni tulipokaa barazani wenzangu wakazipitia moja moja, kila mtu anatafuta sura yake, na wengi hawakujiona. Mmoja wao ilikuwa mara yake ya kwanza kufika Kengeja, kijijini kwa babu yake, na sina picha yake hata moja inayoonesha uso. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo, hujatoa hata shilingi, kaa na anayeongoza msafara mkubaliane mawili. La kwanza, wewe huendeshi. Unapakiwa na mtu mmoja unayemwamini, huyo huyo siku zote tatu, mpaka ajue kwamba ukimgusa bega la kushoto unataka kusimama. La pili, nyinyi wawili mnatangulia robo saa kabla ya kundi. Robo saa hiyo inakupa nafasi ya kushuka, kuchagua pahala, kujaribu mwanga na kusubiri. Kundi likishakupita, lisimame mahali mlipoagana, tuseme njia panda ya Mtambile, mlikute hapo kisha mtangulie tena. Msijaribu kulipita kundi barabarani. Barabara za Pemba ni nyembamba, zina vilima na kona, na daladala hutokea ghafla.

Sasa kamera. Kwa pesa hiyo usinunue mpya. Tafuta iliyotumika yenye kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) cha ukubwa wa kati uitwao APS-C, ya Canon, Nikon, Sony au Fujifilm, yoyote utakayoipata ikiwa safi, na lenzi moja tu inayovuta kutoka upana hadi mbali. Canon na Sony wana ya milimita 18-135, Nikon wana ya 18-140; namba ndogo ni upana, kubwa ni mbali. Najua utaambiwa lenzi za namna hiyo si kali kama zile za urefu mmoja, zisizovuta. Ni kweli. Lakini ukibadilisha lenzi kando ya barabara na upepo wa kusi unavuma, udongo mwekundu utaingia kwenye kihisi siku ya kwanza, na madoa yake utayaona kwenye kila anga utakayopiga mpaka mwisho wa safari. Lenzi moja haifunguliwi. Na urefu ule wa mbali utauhitaji kuliko unavyodhani: ukisimama juu ya kilima, kundi likiwa linapanda, lenzi ndefu inazikusanya pikipiki zote zikawa kama zimeshikana, na mikarafuu imesimama nyuma yao kama ukuta wa kijani. Waombe waende kwa mshazari, mmoja kulia mmoja kushoto, ili kila uso uonekane. Wakifuatana mstari mmoja, wa mbele anawaziba wote.

Pesa itakayobaki isiishie kwenye mwili wa kamera mkubwa zaidi. Nunua betri ya pili, kadi mbili za kumbukumbu, filta ya polaraiza ya kupunguza mng'ao, na filta ya ND8, yaani kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Hii ya mwisho wengi hawaijui, na kwa picha za pikipiki naiona ni ya lazima, kwa sababu hii hapa.

Ukipiga pikipiki inayokwenda kwa shata (muda ambao kamera inaachia mwanga uingie) ya 1/1000 ya sekunde, unagandisha kila kitu, hata spoki za magurudumu. Inakuwa kama imeegeshwa na mtu amekaa juu yake. Ili ionekane inakwenda, lazima ushuke hadi 1/60 huku ukiifuata kwa kamera. Lakini jua la Pemba saa sita mchana, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ikiwa 100, ukitaka 1/60 itakubidi ufunge tundu la lenzi hadi kama f/22; namba ikikua, tundu linapungua. Hapo picha inapoteza ukali, na kila chembe ya vumbi iliyoko kwenye kihisi inajitokeza. ND8 inakata mwanga stopu tatu, kila stopu inaupunguza kwa nusu, kwa hiyo kwa shata ile ile unarudi f/8, ambapo lenzi nyingi zinafanya kazi vizuri.

Namna yenyewe ya kuifuata ni hii. Simama miguu imeachana, vidole vya miguu vielekee pale ambapo pikipiki itakuwa mbele yako kabisa. Kisha zungusha kiuno tu urudi kule inakotokea. Viwiko vibane mbavuni. Weka fokasi ya kufuata mfululizo, na ikiwa lenzi yako ina kituliza mtikiso chenye hali ya kufuata kitu kinachopita, iweke hiyo. Kama haina, kizime. Ikamate helmeti ya dereva kwenye jicho la kamera tangu mbali, ifuate, anza kupiga kabla hajafika mbele yako, na usisimamishe mwili hata baada ya kubonyeza mara ya mwisho. Anza na 1/125 mpaka uizoee, ndipo ushuke. Fanya mazoezi kabla hujasafiri, hata kwa vespa zinazopita Darajani, mjini Unguja. Katika picha kumi nikipata mbili nashukuru, na hizo mbili zinatosha.

Na tafadhali, kwenye kona usisimame upande wa nje. Pikipiki ikiteleza huelekea huko. Simama upande wa ndani, nyuma kidogo, na dereva wako awe anatazama barabara wakati wewe unatazama kamera.

Kamera ukiwa umepakiwa usiiweke kwenye begi la mgongoni. Itakuchukua dakika nzima kuitoa, na mwanga haukusubiri. Ivae kifuani, mkanda mfupi, kisha pitisha mkanda wa pili kiunoni uibane. Bila huo wa pili, kila breki inamgonga dereva mgongoni, na lenzi ndiyo inayopokea pigo.

Simu tumia upendavyo ukiwa umesimama, lakini usiifunge kwenye usukani ikiwa ndiyo unayoitegemea kwa picha. Simu yangu nilifanya hivyo siku mbili, kutoka Mkoani hadi Konde na kurudi, kwa ajili ya ramani. Tuliporudi kamera yake ikawa inatetemeka yenyewe na haishiki fokasi tena. Kile kituliza mtikiso kilichomo ndani ya lenzi ni kitu kidogo kinachoelea, na mtetemo wa injini unakiharibu. Si simu za aina moja tu. Hata Apple mwaka 2021 waliwaonya wateja wao kuhusu jambo hili. Kwa usukani na tangi funga kamera ndogo za michezo kama GoPro, zimetengenezwa kwa misukosuko. Ila lenzi zake ni pana mno, na pikipiki iliyoko mita ishirini inaonekana kama nzi. Zitumie kumwonesha aliye karibu.

Kuhusu saa za mwanga. Mwezi wa nane jua linachomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi na kuzama kama saa 12 na dakika 20 jioni, na kwetu huku mwanga ule mzuri hauchelewi kwisha. Tena unagongana na magharibi. Kundi litataka kusimama kuswali, na ni haki yao, na wewe pia utataka kuwa nao. Kwa hiyo usiwaambie picha ya jua likizama. Waambie saa 11 na nusu wote wawe wameshafika. Pale Kigomasha rasi ni nyembamba, na hilo ni neema kwa mpiga picha: ufukwe wa Vumawimbi unatazama mashariki, fukwe za Verani na Panga ya Watoro zinatazama magharibi. Asubuhi mko upande mmoja, alasiri mmevuka upande wa pili. Mkikosa vyote na mkabaki na mchana, wapeleke kwenye mchanga mweupe, wainue vioo vya helmeti. Mchanga unarudisha mwanga juu na nyuso zinatoka, ambapo kwenye lami zingekuwa nyeusi.

Njiani kabla hamjafika huko mtapita msitu wa Ngezi. Kamera ikitoka juani ikaingia mle inashtuka. Pandisha ISO mapema hadi 1600, na toa ND. Pale ndipo wengi hurudi na picha za ukungu wa mtikiso.

Unyevu nao una adabu yake. Ukilala chumba chenye kiyoyozi, asubuhi itoe kamera nje ikiwa ndani ya begi lililofungwa, uiache nusu saa, la sivyo lenzi inafunga mvuke. Jioni ifute chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Ukirudi Unguja usiitupe kabatini ndani ya begi lake la ngozi. Iweke kwenye kontena la plastiki linaloziba na pakiti za silika za kunyonya unyevu. Nilipoteza lenzi moja kwa kuvu, nyuzi zake nyeupe zilitambaa ndani ya kioo kama mizizi, na hazifutiki.

Bandarini usitoe kamera bila kumuuliza askari. Droni iache nyumbani kama huna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

La mwisho ni watu wa njiani. Mwezi wa nane, mwaka ukiwa wa karafuu, mtakuta majamvi yameanikwa kando ya barabara na harufu yake mtaanza kuisikia kabla hamjayaona. Mwaka juzi, karibu na Konde, tulitangulia kama kawaida nikamkuta bibi mmoja amekaa kwenye kigoda anachambua, karafuu huku, makonyo huku, vidole vyake vimekuwa rangi ya kahawia mpaka kwenye kucha. Nikaweka kamera nyuma, nikamwamkia. “Shikamoo bibi.” “Marahaba mwanangu.” Nikamwomba nipige mikono yake tu. Akaniuliza wale wanaokuja nyuma ni wangapi. Nikamwambia kumi. “Basi waambie wapite polepole, vumbi lisije likaingia karafuuni.”

Dereva wangu akarudi mbio kuwaambia. Wakaja taratibu, gia ya kwanza, mmoja mmoja, kila mmoja anainamisha kichwa kumwamkia. Nilipiga magoti nyuma ya jamvi, mikono yake mbele, na wao wanapita nyuma yake bila vumbi. Ndiyo picha ambayo wote kumi waliitaka. Ya bibi niliisafisha kubwa, nikaipeleka kwa dereva wa daladala ya Konde aliyesema anamjua, na wiki iliyofuata akanipigia kwamba imeshatundikwa ukutani.