Wasomaji Wauliza: Motomoto Umerudi Shambani

SWALI: Nina ekari moja ya michikichi ya mwaka mmoja na nusu, imevamiwa na nyasi za motomoto. Nilifyeka, siku tatu baadaye nikapuliza dawa ya magugu, glaifoseti, kwa maji ya mwaloni, pale ufukweni mwa ziwa. Majani yalinyauka, lakini mwezi haukuisha yakachipua tena. Je, niliuziwa dawa feki?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Usimlaumu muuza dawa kwanza. Glaifoseti huingilia kwenye jani bichi, kisha hushuka hadi kwenye vishina vilivyotambaa chini ya udongo, na huko ndiko motomoto unakoanzia upya. Wewe ulifyeka majani, dawa ikapata majani machache mno ya kuingilia. Safari hii acha nyasi zifike sentimita 30 hivi, zikiwa kijani na hazijachanua, ndipo upulize. Usifyeke wala kulima kwa siku 14. Machipukizi yatakuwepo tu, yarudie.

Kosa la pili ni maji. Mwaloni mitumbwi na ng'ombe hutibua tope, na glaifoseti hushikamana na chembe za udongo, nguvu yake ikaishia humo kwenye bomba la kupulizia. Tumia maji maangavu ya kisima au ya mvua. Mvua nayo ikinyesha kabla hujamaliza muda wa saa sita tangu upulize, kazi imeharibika.

Kipimo usikisie. Pulizia maji matupu eneo la mita 10 kwa 10. Yakitumika lita 2, ekari itameza lita 80, yaani mabomba matano ya lita 16. Kwa glaifoseti ya gramu 480 kwa lita, motomoto mara nyingi huhitaji lita 1.6 kwa ekari, hivyo mililita 320 kila bomba. Lebo ikisema tofauti, fuata lebo.

Michikichi yako bado michanga mno kuguswa na dawa hii. Mita moja kuzunguka kila shina palilia kwa mkono, juujuu, maana mizizi iko karibu. Kwingine vika nozeli kikinga, ishushe chini, na upulize asubuhi upepo ukiwa umetulia. Kuti likilowa, likate palepale.

Ukishauriwa kuongeza 2,4-D, dawa nyingine ya magugu, kataa katakata. Haiui nyasi kama motomoto, na ikipeperukia pamba ya jirani, majani mapya hutoka membamba, yamechanika kama vidole. Bomba lioshe mara tatu hukohuko shambani. Ziwani usilipeleke kabisa, watu wanakunywa maji yale.